Mkwe Aliyenipeleka Kwenye Kipimo

Nilikwenda Zuzu kulea mzazi, sikwenda kuumwa. Binti yangu wa mwisho alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, nami nikafunga mizigo yangu Kibakwe: unga wa uwele, mlenda uliokaushwa, kuku wawili waliofungwa miguu na vitenge vikuukuu vilivyolainika vya kumfunikia mtoto. Kazi yangu ilijulikana. Nimkande mzazi kwa maji ya moto, nimpikie uji na supu, nimwogeshe mtoto, na nimgombeze kila anayetoka juani na kutaka kumbeba mtoto kabla hajanawa. Kugombeza nakuweza. Nilifundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu.

Damu nilikuja nayo kutoka nyumbani. Nilikuwa nimeiona chooni mara kadhaa tangu mavuno, nikajiambia ni bawasiri, kisha nikajiambia ni pilipili, kisha nikaacha kutazama. Nilijua fika kwa nini sitaki kutazama.

Dada yangu mkubwa alikufa kwa saratani ya utumbo. Aliishi Gulwe kwa binti yake, na binti mchana kutwa alikuwa sokoni. Aliyebaki nyumbani ni mkwe, mwanaume mwema kabisa, fundi redio aliyefanyia kazi zake barazani. Dada aliona damu muda mrefu. Angemwambia nani? Binti akirudi jioni amechoka, dada anasema ni gesi tu. Mkwe yuko palepale nje ya dirisha, lakini kwa sisi Wagogo mama mkwe hamwambii mkwe wake habari za chooni. Hata habari za mafua huwa anazipitisha kwa mtu mwingine. Tulipokuja kujua, madaktari hawakuwa na la kufanya. Nilimuuguza mimi mwishoni, na siku moja akaniambia, "Niliona aibu, mdogo wangu." Nilimkasirikia mgonjwa, kisha nikamkasirikia marehemu, na mpaka leo hasira ile haijaisha vizuri.

Kwa hiyo nilimwambia binti yangu. Nilichagua wakati wa kumkanda, chumba kimejaa mvuke na yeye amefumba macho kwa moto wa maji, kwa sababu pale hana pa kukimbilia.

"Mwanangu, na mimi naona damu."

Akafumbua macho. "Damu gani tena, mama? Si ulishakoma?"

"Ya nyuma."

Akanishika mkono ulioshika kitambaa, maji yakatuchuruzikia wote wawili. "Kama ya mama mkubwa?"

Akaanza kulia, nami nikamwambia asilie, maziwa yatakauka, halafu nikalia mimi ambaye sina maziwa ya kukauka.

Alimwambia mume wake. Najua hivyo kwa sababu jioni ile kijana hakula, na kesho yake jirani yetu, mama mmoja mcheshi anayekaanga vitumbua, akaja kuniambia kwamba amesikia nahitaji mtu wa kunisindikiza hospitali mjini. Amesikia kwa nani, hakusema, nami sikuuliza. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda katika nyumba ile. Mkwe wangu na mimi tulikuwa tukiishi chini ya bati moja bila kutazamana. Nikiwa uani, yeye hupitia mbele. Yeye akila ukumbini, mimi nakula chumbani kwa mzazi. Akiwa na neno langu, humwambia mtoto mchanga: "Mwambie bibi maji yamejaa kwenye pipa." Nami nilimjibu mtoto huyohuyo: "Mwambie baba asante." Mtoto alikuwa hajui hata kufungua ngumi, lakini alishafanywa karani. Mtu asiyetujua angedhani tumegombana. Kumbe ni heshima, na kijana yule alinipa heshima hiyo mpaka wakati mwingine nilimwonea huruma.

Jirani akanipeleka, na daktari tuliyemkuta alikuwa kijana mwenye lafudhi ya Kihaya. Alinisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo kwa vijana si dogo, kisha akasema ataingiza kamera kwa nyuma autazame utumbo mpana wote.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Hiyo kamera ina ukubwa gani?"

Akanionyesha kidole chake. Nikakitazama kidole. Kilikuwa kinene.

Masharti yake yalikuwa mengi. Kwanza niache mlenda, mboga za majani, karanga na ugali wa uwele, maana mabaki yake hung'ang'ania utumboni na kuizuia kamera. Mgogo ukimwondolea mlenda na uwele, sijui unadhani amebaki na nini. Nilikula wali mweupe kama mtu aliye ugenini. Siku ya kuamkia kipimo nisile kabisa, ninywe vitu vya kuonekana upande wa pili tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Na niwe na mtu mzima wa kunirudisha nyumbani, kwa sababu dawa ya kunituliza itanilegeza. Jirani akajipiga kifua. Yeye atakuwapo.

Siku hiyo nilimpikia binti yangu kuku wa kienyeji, nikakoroga sufuria huku nameza mate. Mchana nikaanza dawa ya kusafisha tumbo. Ni unga unaochanganywa kwenye maji mengi, una chumvi, na juu ya chumvi wameweka limau la uongo ili ujione umebembelezwa. Bilauri ya kwanza niliimaliza kwa ushujaa. Baada ya hapo nilikunywa nikiwa nimesimama, nikilaumu kila mtu niliyemfahamu.

Sasa, choo cha nyumba ile kiko nje, mwisho wa uwanja. Kukifikia kutoka chumbani kwangu lazima upite mbele ya ukumbi ambako mkwe hukaa akirudi kazini. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kuliko nilivyoufikiria ugonjwa wenyewe. Nitapita mara ngapi? Nitakimbia? Mama mkwe akimbie mbele ya mkwe wake, kashika khanga, na wote tunajua anakimbilia nini?

Tumbo liliponguruma mara ya kwanza nikafungua mlango wa nyuma, nikasimama nikishangaa. Kijana yule ni fundi wa kupaua. Asubuhi, wakati mimi namwogesha mtoto, alikuwa amechimbia miti kuanzia mlango wangu wa nyuma mpaka mlango wa choo, akatundika turubai la buluu pande zote mbili, akalikaza kwa kamba, akatengeneza ujia mzima wa mtu mmoja. Ndani ya choo kulikuwa na ndoo mbili za maji, sabuni mpya na kigoda. Kigoda kile ndicho kilichonimaliza nguvu. Mtu alikuwa amekaa akafikiria kwamba nitachoka.

Na yeye mwenyewe hakuwapo. Binti aliniambia ameaga kwamba anakwenda kukagua paa la mtu na atarudi giza likiingia. Nilikwenda na kurudi katika ujia ule mpaka kilichokuwa kikitoka kikawa maji ya rangi ya mkojo, kama daktari alivyotaka. Nilikuwa mwepesi, nimechoka, nina baridi na jua kali liko nje. Nikakaa juu ya kigoda nikalia tena, safari hii kwa kupendwa.

Asubuhi ya kipimo jirani alipigiwa simu ya msiba kwao. Alikuja kututaarifu akiwa ameshavaa nguo za safari, anaomba radhi huku analia. Akaondoka. Binti akasema atanipeleka yeye na kichanga chake mgongoni, nikamwambia akithubutu nitarudi Kibakwe kwa miguu. Ndipo sauti ikasikika kutoka nje ya pazia la mlango.

"Mwambie bibi bajaji imefika. Nitampeleka mimi."

Katika bajaji nilikaa nyuma peke yangu kama waziri. Yeye alijibana mbele na dereva, nusu ya mwili iko nje, mpaka tukafika mjini.

Hospitali ndipo nilipofanya kosa langu. Nesi wa mapokezi alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka. Akauliza, "Umekuja na nani?" Nikamtazama kijana, amesimama mbali karibu na mlango, ameshika mfuko wangu kwa mikono miwili. Ningesema mkwe, ningelazimika kueleza kwa nini nimekuja na mkwe, wanangu wa kike wako wapi, na yote hayo mbele ya foleni. Nikaona njia ya mkato.

"Na mwanangu," nikasema. Wakaandika namba yake ya simu, kwa sababu ya kwangu ilikuwa imezima chaji kama kawaida yake.

Muda si mrefu nikawa katika chumba kidogo, nimepewa gauni la hospitali. Wanaolishona gauni lile wana uhasama na binadamu. Mbele linafunika kila kitu, nyuma liko wazi, lina vikamba viwili ambavyo mkono wa mwanamke wa umri wangu hauvifikii. Nikaita nesi. Nesi alikuwa na mgonjwa mwingine. Nikamsikia akiita koridoni kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni: "Mtoto wa huyu mama yuko wapi? Njoo umfunge mama yako gauni!"

Pazia likafunguliwa. Nilijibandika ukutani kwa mgongo kama mjusi. Kijana alisimama pale, macho yake ameyapeleka juu kwenye taa, na jasho linamtoka.

"Nesi," akasema, akiitazama taa. "Nesi, samahani sana. Huyu ni mama mkwe wangu."

Nesi akatokea nyuma yake, akashika mdomo. "Hee! Yesu wangu! Toka, baba, toka!" Akamsukuma nje, akanivika shuka, akanifunga kamba zote huku anatetemeka kwa kicheko. "Mama, na wewe! Kwetu ni Mpwapwa, na mimi ni Mgogo. Ungeniambia mkwe ningemweka nje ya geti kabisa." Tukacheka mpaka ikabidi nishike meza. Nilikuwa sijacheka tangu nianze kuogopa, na nilishangaa kukuta kicheko bado kipo.

Chumba cha kipimo kilikuwa na baridi. Walinilaza ubavu wa kushoto, magoti nimeyakunja kuelekea kifuani, wakanichoma sindano kwenye mshipa wa mkono. Nilidhani nitalala. Sikulala. Nilikuwepo, lakini kila kitu kilisogea mbali kidogo na hofu nayo ikakaa pembeni. Daktari alianza kwa kidole, na kabla ya kuanza aliniomba radhi. Niliona ni kijana aliyelelewa. Kisha kamera ikaingia. Haikuuma. Ilisukuma tu, unajisikia unataka kwenda haja na hakuna anayekuruhusu, nao wanaendelea kukupuliza hewa mpaka tumbo linajaa. Kwenye kona za utumbo iliuma kweli, nikaguna, na nesi wa Mpwapwa akaniweka mkono tumboni akasema, "Pumua, mama. Ni kona tu, inapita."

Nilitazama kioo cha kamera yao. Nilitarajia kuona uchafu na vitisho. Niliona njia ndefu ya rangi ya waridi, yenye unyevu, safi, mikunjo kwa mikunjo, inayong'aa kwenye mwanga. Usafi ule ulinipa fahari, maana niliufanyia kazi. Halafu nikaingiwa na huruma ambayo sikuitegemea. Utumbo ule umebeba mlenda wangu tangu utotoni, umebeba njaa ya miaka ya ukame na pilau za harusi za wanangu, gizani, bila kuniomba chochote, na mimi sikuwahi kuuwaza hata siku moja ila kwa aibu. Nilimwona dada yangu pia. Naye alikuwa na njia hii ya waridi ndani yake na hakuna aliyeitazama mapema.

Kamera ikasimama. Kwenye kioo kulikuwa na kinyama chekundu kimening'inia kwenye kikonyo chake.

"Ni hicho?" nikauliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Ndicho kinachotoa damu, mama. Nakitoa sasa hivi."

Akapitisha kitanzi cha waya, akakizungusha, akakaza. Sikusikia kitu. Nilikiona kikidondoka, na mahali pake pakabaki doa jeupe.

"Ni kama cha dada yangu?"

"Sijui," akasema. "Sitakudanganya. Kinakwenda maabara, wao watatuambia."

Waliniweka chumba cha kupumzikia, na kati yangu na kiti alichokalia mkwe kulikuwa na pazia jepesi. Tumbo lilikuwa limevimba kwa hewa yao. Nesi akaja. "Mama, itoe. Usijibane."

Nikamwonyesha pazia kwa macho.

"Najua," akanong'ona. "Lakini usipoitoa utaumwa. Na si yako hiyo, ni hewa ya hospitali."

Nilijibana. Maumivu yakapanda mpaka mabegani, machozi yakanitoka, nami bado nikajibana, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu amefundishwa kabla ya kufundishwa kusema. Ndipo upande wa pili wa pazia nikamsikia kijana akianza kuongea na simu kwa sauti kubwa. "Ee! Ndiyo! Mabati ya geji ishirini na nane! Hapana, bwana, hayo ni mepesi, upepo wa huku utayang'oa! Nasema UTAYANG'OA!" Simu haikuwa imelia. Aliongea na fundi asiyekuwepo kuhusu mabati, misumari, kenchi na bei ya mbao, akapaza sauti mpaka mtu fulani akamwambia apunguze, naye hakupunguza. Nami chini ya kelele zile nikaitoa hewa ya hospitali yote. Nesi alikuwa ameuma pindo la shuka asicheke. Kijana aliendelea na mabati kwa muda mrefu kupita nilivyohitaji, kwa usalama.

Tukarudi Zuzu na maagizo. Damu kidogo siku za mwanzo si ajabu, pale palipokatwa panapona. Ikiendelea, tuseme. Majibu ya maabara daktari atayatoa kwa simu.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko dawa. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa nikimkanda mzazi, niliogopa nikikoroga uji. Nilimwogesha mjukuu nikajikuta namsoma, unyayo, kisigino, kikunjo cha shingo, na kujiuliza kama atakuja kuijua sura yangu au ataonyeshwa kwenye picha. Turubai lilikuwa limeshaondolewa. Mimi na mkwe tulirudi kwenye kawaida yetu, mtoto akarudi kazini kwake kupeleka salamu.

Kisha siku moja binti alimpeleka mtoto kliniki, nikabaki peke yangu uani nachambua mchele. Kijana akaingia getini mchana, wakati ambao hakuwa na kawaida ya kurudi, nguo zimejaa vumbi la mbao. Akaniona. Akaona niko peke yangu. Kwa mila alipaswa kugeuka aondoke mpaka binti arudi, nami nilishaanza kuinuka nimpishe.

Hakugeuka. Akaja, akachuchumaa mbele yangu, karibu kiasi ambacho hajawahi kuwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Daktari amepiga simu." Akavuta pumzi. "Si saratani. Amesema kingekaa, kingekuja kugeuka. Sasa hakipo. Utarudi wakutazame tena baadaye, lakini si saratani."

Ungo ukanitoka mikononi, mchele ukamwagika. Nililia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, kwa ajili yangu na kwa ajili ya mwingine. Kijana hakuondoka wala hakuninyamazisha. Alianza kuokota mchele, punje kwa punje, akiurudisha kwenye ungo.

Nilipotulia akasema, "Daktari ameniagiza nikuulize kitu."

"Uliza."

Akaacha kuokota. Safari hii aliinua uso akanitazama, na niliona alivyo na macho ya mwanawe. "Damu. Bado unaiona?"

Hakuna mkwe aliyewahi kumuuliza mama mkwe wake swali hilo, si kwetu. Nilimfikiria yule fundi redio wa Gulwe, amekaa barazani siku zote zile, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba pengine naye alikuwa anangoja kuambiwa.

"Juzi niliiona kidogo," nikamwambia. "Jana hapana. Leo hapana."

Akaitikia kwa kichwa, akatoa simu mfukoni, akampigia daktari palepale mbele yangu, akamweleza: juzi kidogo, jana hapana, leo hapana.